Mkono kwa Mkono na Mkwe Wangu

Nilimpa mkwe wangu mkono mbele ya kamera, mji mzima wa Bunia ukaona, na sijaomba msamaha wala sitaomba. Nimeanza na hilo ili mwenye kutaka kukasirika akasirike mapema, tusipotezeane muda.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, mjane, mkazi wa mtaa wa Mudzipela tangu nilipoolewa. Asili yetu ni upande wa Mahagi, kule ziwani, na kwetu mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja. Hawatazamani usoni. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Kitu cha kupeana hakitoki mkononi mwa huyu kikaingia mkononi mwa yule: unakiweka chini, unarudi nyuma, mwenzako anakuja kukichukua. Mama yangu mzazi alimpenda marehemu mume wangu kuliko alivyonipenda mimi, na alikufa bila kujua kwamba mume wangu hakuwa na jino moja la mbele.

Sisemi kwamba mila hiyo ni mbaya. Nimelelewa ndani yake na imeniepusha na magomvi mengi. Lakini ilitungwa na watu wenye nafasi: nyumba ya mama huku, nyumba ya mkwe kule ng'ambo ya kijito, na shamba la mihogo katikati. Mimi nina nyumba ya vyumba viwili na sebule, na jirani akipika maharage najua kama ameyatia chumvi.

Vita vilipomfukuza binti yangu na mumewe kijijini, walikuja kwangu na watoto wawili, godoro moja na sufuria. Waende wapi tena? Nilitundika kitenge katikati ya sebule, upande mmoja wao, upande mwingine mimi, na maisha yakaanza. Kila mkwe wangu alipotaka kupita kwenda nje, alikuwa anatangaza kwanza: "Mama, minapita! Minatoka kwa mulango ya nyuma!" Mimi nageuza uso ukutani. Nami nikitoka na maji ya moto jikoni, naita: "Mutu asisimame karibu na kitenge, minakuja na maji!" Basi tukakaa hivyo zaidi ya mwaka mzima. Sura yake sikuijua, lakini sauti yake niliijua kuliko ya wanangu. Nilijua akichoka, nilijua akificha habari mbaya, na nilijua anadanganya akisema ameshakula mjini ili watoto washibe.

Alipata pikipiki ya mtu ya kuendesha, akawa anabeba abiria kutwa. Mimi pikipiki ninayo nyumbani, tena na dereva wake, na kila asubuhi nasimama barabarani nangoja ya mtu mwingine, kwa sababu mama mkwe hawezi kukaa nyuma ya mgongo wa mkwe wake. Walimu wenzangu walicheka mpaka wakachoka.

Aliyevuruga mambo ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, anayekaa mtaa wa Shari na ndiye anayeshika mila za ukoo. Alikuja kunisalimu siku moja, akaona kitenge, akaona kofia ya pikipiki imetundikwa msumarini, akaelewa.

"Bokilo yako analala chini ya bati moya na weye?" aliniuliza. Bokilo ndivyo tunavyomwita mkwe. "Na siye tunanyamaza tu?"

"Wanatoka vitani, shemeji. Nibaweke wapi?"

"Ajenge yake hapa mu parcelle, ama aende kwa site pamoya na batu bengine. Kiangazi kikiisha, sitaki kumukuta humu."

Parcelle ni kiwanja chetu; site ni kule pembeni mwa mji, kwenye vibanda vya turubai walikopangwa waliokimbia vita. Nimefundisha watoto wanaotoka huko. Wanakuja shuleni mvua ikinyesha na daftari wamezivika mfuko wa nailoni kuliko walivyojivika wenyewe. Wajukuu wangu hawaendi huko, nikasema moyoni, na kwa mdomo nikamwambia shemeji kwamba nimesikia.

Mkwe wangu hakubishana. Alifyatua matofali mwenyewe nyuma ya nyumba, akayachoma, akapandisha kuta nne za chumba kimoja kwenye uwanja wetu. Kuta zikasimama. Kilichobaki ni bati, na bati hatukuwa na namna ya kulipata. Kila wingu lililokusanyika upande wa milima lilinipandisha hasira, maana mvua ingeanza kuzila kuta zile kabla mtu hajalala ndani yake.

Wakati huo kituo kimoja cha televisheni hapa mjini kilikuwa na mchezo wa mafumbo. Familia zinakuja wawili wawili, zinapewa mitihani ya akili: picha zilizokatwa vipande, njia za kupotea, mbao za kufunganisha. Muda wa kila mtihani unajumlishwa, na mwenye muda mfupi kuliko wote anachukua zawadi. Mimi mafumbo ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Nilikuwa nakaa kwa jirani mwenye televisheni, nawapigia kelele wachezaji kana kwamba wananisikia, na jirani ananiambia, mwalimu, hapa si darasani. Siku mtangazaji aliposema kwamba zawadi ya fainali ya msimu ni mabati ya kuezekea nyumba pamoja na misumari yake, nilinyamaza. Kesho yake nikajiandikisha na binti yangu. Tukashinda duru ya kwanza, tukaingia fainali.

Asubuhi ya fainali binti yangu aliamka na malaria. Alikuwa anatetemeka huku anavaa, akakataa kubaki. Mumewe akampakia kwenye pikipiki, mimi nikachukua nyingine, tukakutana kwenye ukumbi wa parokia walipokuwa wanarekodi. Pale mlangoni miguu ya binti yangu ilikataa. Alikaa chini, akatapika, na mama mmoja wa parokia akamshika na kumpeleka kituo cha afya cha jirani.

Mtangazaji akatoka nje. Alikuwa kijana mwenye suti ya kubana na maneno mengi. "Mama, sheria ni sheria. Ni lazima mukuwe babili, tena ba nyumba moya. Kama haiko, tunaweka familia ingine." Halafu akamwona mkwe wangu, amesimama na kofia yake mikononi, anatazama ardhi. "Na huyu? Ye haiko wa kwenu?"

Mtu mzima mwingine wa nyumba yangu hakuwepo. Niliugeukia ukuta wa ukumbi, nikaongea nao, kama nilivyozoea kuongea na ukuta wa nyumbani. "Mutu mwenye iko na kofia asikie. Tukirudi sasa, tunarudi bila mabati. Na kiangazi inaisha."

Akajibu huku akitazama kofia. "Minasikia, mama. Mama aseme tu, miye nitafanya."

"Basi tuingie."

Tuliingia, mimi mbele, yeye nyuma kwa mbali, kama watu wasiojuana. Familia zilikuwa tatu. Waliokuwa tishio ni kaka na dada kutoka Shari, watoto wa wafanyabiashara waliohamia huku kutoka Butembo, wepesi, wanacheka, wanapigana makofi mgongoni kabla hata ya kuanza. Niliwachukia hapo hapo, maskini, bila kosa lolote.

Mtihani wa kwanza ulikuwa picha kubwa ya soko la samaki, imebandikwa juu ya mbao na kukatwa vipande. Mmoja anatoa vipande kwenye sanduku, anampa mwenzake, mwenzake anapanga mezani. Mkwe wangu akatoa kipande. Badala ya kunipa, akakiweka juu ya kigoda kilichokuwa katikati, akarudi nyuma, akageuza uso. Mimi nikaenda, nikakichukua, nikarudi mezani. Hatukupanga kufanya hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Mikono yetu ilifanya ilichozoea, kipande baada ya kipande, kwa adabu zote, huku wale watoto wa Shari wanarushiana vipande hewani na kuvidaka.

Watu wakaanza kucheka. Mtangazaji akaja na kipaza sauti chake. "Mama, munacheza mafumbo ama munacheza dansi? Huyu ni nani yako?"

"Ni bokilo yangu."

Ukumbi ukalipuka. Akina mama wa nyuma walipiga vigelegele, wazee wengine wakatikisa kichwa, na kijana mmoja akapiga kelele kwamba atubebee vipande yeye. Picha tuliijua kuliko wote. Nilikuwa naona kila kipande kinapokwenda kabla hakijafika. Lakini tulimaliza wa mwisho, na kwa mbali.

Mtihani wa pili ulitaka mmoja afungwe kitambaa machoni. Sakafuni walikuwa wamepanga mabenchi na kamba, njia za kupinda na kurudi, na mahali fulani ndani yake kuna funguo za mbao za kuokota. Ukigusa kamba, unaanza upya. Mwenzako anakuongoza kwa sauti tu. Nikafungwa kitambaa mimi.

Hapo ndipo watu walipoacha kucheka. Wale watoto wa Shari walipigiana kelele hodari: huku, hapana huku, si kule, nimesema huku! Wakaanza upya, wakaanza tena. Mimi nilisikia sauti ile ile ninayoisikia kila siku nyuma ya kitenge.

"Mama, benchi iko mbele. Goshi kidogo. Njo hapo. Tembea. Simama, kuko kamba kwa muguu. Druwati sasa, polepole, njo vile. Inama, ufunguo iko chini ya mukono."

Goshi kushoto, druwati kulia, njo ndiyo, nami nilitembea kama ninakwenda jikoni kwangu. Sikusita mahali. Tulikuwa tumejizoeza zaidi ya mwaka bila kujua kwamba tunajizoeza. Nilipovuliwa kitambaa nilikuta watu wamesimama, na mtangazaji akasoma muda: mtihani huu tumemshinda kila mtu, kwa jumla tumepanda nafasi ya pili, na tofauti kati yetu na watoto wa Shari ilikuwa inaweza kufikiwa. Nilifurahi mpaka nikataka kulia, na hasira za wiki nzima zikageuka kuwa nguvu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mbao zilizochongwa na kutobolewa, za kufunganisha mpaka ziwe sanduku. Ubaya wake ni huu: mpaka mbao ya mwisho iingie, hakuna kinachosimama peke yake. Lazima mtu mmoja ashikilie kwa mikono miwili na mwingine amletee. Nilishika. Mkwe wangu akachukua mbao, akaiweka juu ya kigoda. Nikanyoosha mkono kuifuata, sanduku likaanguka. Tukaanza upya. Nikashika, akaweka kigodani, nikanyoosha mkono, likaanguka tena.

Nikazitazama zile mbao chini nikaona kuta zangu za Mudzipela, zimesimama bila kichwa, zinangoja mvua. Na mimi nimetoka nyumbani kuja kuchezea kigoda! Nilikasirika vibaya sana. Si kwa ajili ya mkwe wangu, wala mtangazaji. Niliona upumbavu wa mambo yenyewe: natafuta bati ili niheshimu mila, na mila inanizuia kulipata.

Nikashikilia sanduku kwa mkono wa kushoto na kifua, nikanyoosha wa kulia. "Leta."

Akabaki na mbao mkononi.

"Leta hapa. Mu mukono."

"Mama, batu banaona."

"Baone!"

Na nikamtazama. Nilimtazama usoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Ana kovu juu ya nyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu, kwa ajili yangu si kwa ajili yake. Akapiga hatua, akaiweka mbao kwenye kiganja changu. Kiganja chake kilikuwa kigumu kwa matofali. Haikunyesha mvua ya mawe, wala marehemu hakutoka kaburini.

Baada ya hapo tulifanya kazi. Yeye anageuza, mimi napachika, yeye anashikilia, mimi nabadilisha, vidole vinagongana na hakuna anayejali. "Hapana ile, ile ingine." "Hii?" "Njo hiyo." Mbao ya mwisho ikaingia kwa mlio mtamu, nikainua mikono yote miwili, na wale watoto wa Shari walikuwa bado wanahangaika. Tulikuwa wa kwanza.

Wakajumlisha muda. Nilikuwa nimeshajumlisha kichwani kabla yao, hesabu ndiyo kazi yangu, na nilijua kabla mtangazaji hajafungua mdomo. Watoto wa Shari walikuwa wametushinda kwa muda mfupi kama wa mtu kupiga chafya. Wakachukua mabati. Sisi tukapewa katoni ya sabuni na tisheti mbili zenye picha ya kituo.

Kurudi nilipanda pikipiki yake. Nilishika mabega yake, tukapita barabara kuu mchana kweupe, tukampitia binti yangu kituo cha afya, tukarudi nyumbani watatu kwenye pikipiki moja na katoni ya sabuni mbele. Binti yangu, pamoja na homa yake, alitutazama mmoja baada ya mwingine, akadhani ni malaria inamwonyesha mambo.

Kipindi kilirushwa wiki iliyofuata. Jumapili baada ya misa, shemeji yangu alifika na wazee wawili wa ukoo. Nikawakaribisha, nikawapa viti na chai. Mkwe wangu alikaa nje ya mlango, kwenye ngazi, kama inavyopasa mtu anayesubiri kuhukumiwa. Binti yangu alisimama karibu yake na mtoto mgongoni.

Shemeji hakuzungusha maneno. "Umetia ukoo haya mbele ya muji muzima. Utatoa mbuzi, tuoshe hii kitu. Na bokilo yako haingoje tena kiangazi kuisha. Anatoka leo."

"Mumeangalia mchezo yote?" niliwauliza.

"Tuliangalia."

"Basi muliona. Kwa picha ya kwanza tuliheshimu. Kila kipande chini, kila kipande kwa kigoda, uso pembeni. Wakati yenye ilipotelea pale ni mingi, mingi sana kuliko ile yenye batoto ba Shari balitupita. Fanyeni hesabu. Kama ningenyoosha mukono toka mwanzo, leo mungekunywa chai mukiangalia bati ya mupya. Heshima njo ilikula mabati yangu, shemeji. Sasa munataka ikule na mbuzi?"

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akasema taratibu kwamba mila haipimwi kwa saa.

"Nyumba njo inapimwa kwa bati," nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuizuia. "Mbuzi nitatoa. Siku mutaniletea mabati, siku ile nitafunga mbuzi hapa kwa mulango, nzuri, ya mafuta. Kuta ziko pale nyuma, mukaone. Mwenye anataka bokilo yangu atoke chini ya bati yangu, apandishe bati pale juu. Mwenye hana bati, asinilete maneno ya kwenda site. Batoto ba mutoto yangu hawaendi site. Na miye niko hai, hawaendi."

Shemeji hakuzoea kujibiwa, tena na mke wa mdogo wake. Akaniacha, akageukia mlangoni, akampandishia sauti mtu wa pili, aliyemwona dhaifu zaidi.

"Na weye! Mwanaume mzima, unashika mukono ya mama-mukwe yako mu televizyo. Weye huna haya?"

Mkwe wangu akasimama. Alisimama pale kwenye mwanga wa mlango, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto wake mkubwa, akamjibu kwa sauti ile niliyoijua, isiyodanganya safari hii.

"Haya niko nayo, baba. Nyumba njo sina."

Wazee walimaliza chai yao wakaaga, shemeji akatoka bila kuaga, na mkwe wangu hajahama.